Mchanga, Mawe na Mbuga: Mwongozo kwa Anayeanza Kuendesha Pikipiki Njia za Misigiri

Ukishuka kwenye basi pale Misigiri, mbele yako ni lami tupu. Upande mmoja inarudi Singida mjini, upande wa pili inaelekea Shelui, Igunga na Nzega, na hapo njia panda ndipo inapochepuka barabara ya Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Malori yanayokwenda Kigali na Bujumbura yanapita usiku na mchana. Lakini muuguzi aliyepangiwa zahanati huku, mwalimu mgeni, afisa ugani, au kijana aliyenunua bodaboda yake ya kwanza, kazi yake haiko kwenye lami. Iko vijijini, na njia za vijijini hapa ni za aina tatu zilizopakana: kichanga cha juu ya uwanda wa Iramba, mawe na makorongo pale ardhi inapoporomoka Sekenke, na udongo mweusi wa mbuga ya Wembere kule chini. Kila moja inakutaka ufanye jambo tofauti na nyingine, pengine kinyume kabisa cha ulilokuwa ukifanya nusu saa iliyopita. Ndiyo maana anayejifunzia hapa akajifunza vizuri hatapata shida kubwa kwingine.

Nianze na ninachokiamini. Wengi wanaoanguka njia mbovu hawaangushwi na njia. Wanaangushwa na mikono iliyokaza, macho yanayotazama tairi la mbele, na pikipiki ambayo haikuandaliwa. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo inapenda kubaki wima: magurudumu yanayozunguka na jinsi shokapu za mbele zilivyolazwa ndivyo vinavyoirudisha kwenye mstari kila inapoyumba. Ukiikaba, unaizuia kujirekebisha. Karibu kila nitakalokueleza hapa chini, iwe upepo wa tairi au namna ya kusimama, ni njia ya kuiachia pikipiki nafasi ya kufanya kazi yake huku wewe ukifanya yako.

Pikipiki gani?

Anza na uliyonayo. Boxer, TVS au Haojue ya cc 100 hadi 150 zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo na barabara ya kawaida, na bado ndizo zinazofika kila kijiji cha Iramba. Zamani pikipiki za miradi zilikuwa Yamaha DT na Honda XL, zenye ringi ya mbele ya inchi 21 na ya nyuma ya inchi 18, shokapu ndefu na injini iliyokaa juu. Ringi kubwa ya mbele hupanda jiwe kwa urahisi; ringi ya inchi 17 ya Boxer hulipiga jiwe hilohilo na kusita. Tofauti hiyo ni ya kweli, ila dawa yake kwa anayeanza ni kuendesha polepole na kuchagua pa kupita, si kukopa fedha.

Kinachomsaidia mgeni wa njia mbovu kuliko nguvu za injini ni wepesi. Mbio za Paris hadi Dakar zilipofanyika kwa mara ya kwanza, kuanzia Desemba 1978 hadi Januari 1979, pikipiki na magari yalipangwa pamoja kwenye matokeo, na aliyeshinda wote alikuwa Mfaransa Cyril Neveu juu ya Yamaha XT500, pikipiki ya pistoni moja. Jangwani, chombo unachoweza kukiinua mwenyewe kikianguka kina faida ambayo injini kubwa haina. Kwa hiyo jipime hivi kabla hujanunua: ilaze chini, kisha uisimamishe peke yako. Kama huwezi, hiyo si pikipiki yako ya kujifunzia.

Kuiandaa

Simama juu ya vikanyagio pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, rafiki yako akiishika kwa mbele. Shika usukani. Kama viganja vyako vinakunjika kwenda juu ili vidole vifikie klachi na breki, vishikio vimekaa juu mno. Legeza nati, vigeuze chini kidogo mpaka viwe kwenye mstari mmoja na mkono wako ukiwa umesimama. Usizikaze sana nati hizo: pikipiki ikianguka, kishikio kinachoweza kugeuka hakivunjiki. Vioo vya pembeni ni vivyo hivyo. Klachi iwe na mchezo wa milimita mbili au tatu kwenye shina lake, na iwe laini kiasi cha kuvutwa kwa vidole viwili, maana vidole viwili vitakaa hapo safari nzima.

Mpira wa vikanyagio ukilowa tope huteleza kama sabuni. Fundi wa kuchomelea anaweza kukuwekea juu yake kipande cha chuma chenye meno. Ni kazi ndogo, na miguu yako ndiyo itakayoongoza pikipiki zaidi ya mikono.

Sasa matairi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza au kupata nusu ya uwezo wa pikipiki yao. Tairi la barabarani lenye mistari myembamba hujaa udongo mara moja na kugeuka kipara. Unahitaji lenye meno makubwa yaliyoachana, ili tope lirushwe nje gurudumu likizunguka. Kama fedha inatosha tairi moja tu, mafundi wengi watakuambia uweke nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kunakosukuma. Kwa mtu anayeanza, mimi nasema weka mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza unapata muda wa kurekebisha. La mbele likiteleza uko chini kabla hujajua kilichotokea.

Halafu upepo. Nunua kipimo chako mwenyewe, kidogo cha mfukoni, kwa sababu kubonyeza kwa kidole gumba hakupimi kitu. Pikipiki hizi za kawaida barabarani hukaa kwenye takriban psi 25 mbele na 28 nyuma kwa mtu mmoja, na nyuma huongezwa ukibeba abiria. Njia ya vumbi na mawe madogo, ukiwa peke yako bila mzigo, shuka hadi 20 mbele na 22 nyuma. Tairi litatandaza uso wake, litashika zaidi, na litameza kokoto badala ya kurukaruka juu yake. Kwenye mto wa mchanga unaweza kushuka hadi 16 au 18, kwa mwendo mdogo, lakini usishuke chini ya hapo. Tairi lenye tyubu likiwa na upepo kidogo mno lina hatari mbili: tyubu hubanwa kati ya ringi na jiwe ikapasuka pande mbili kwa mpigo, au tairi huzunguka juu ya ringi likaivuta tyubu mpaka valvu ikang'oka. Ukiona valvu imelala upande badala ya kusimama wima, tayari tairi limeanza kuzunguka. Toa upepo wote, lirudishe, ujaze upya. Ukiwa na mzigo, usipunguze upepo. Na beba pampu, ili ujaze kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami hupata moto na kuyumba.

Cheni iache mchezo wa sentimita mbili na nusu hadi tatu na nusu, ukiupima mtu akiwa ameketi juu, kwa sababu uzito wake ndio unaoikaza. Cheni iliyokazwa mno kwenye stendi hukatika korongoni. Ukiwa na safari nyingi za milima, sproketi ya nyuma yenye meno mawili zaidi itakupa mvuto wa ziada mwendo mdogo. Utapoteza kasi kwenye lami, na hiyo si hasara. Chujio la hewa la sponji lifuliwe kwa maji ya sabuni, likauke, kisha lipakwe oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi lipulizwe kutoka ndani kwenda nje na kubadilishwa likichoka. Vumbi la Singida wakati wa kiangazi, pamoja na upepo wake mkali, huziba chujio mapema kuliko kitabu cha pikipiki kinavyosema, na injini inayovuta vumbi hula pistoni yake yenyewe.

Chini ya kiti beba waya wa akiba wa klachi, plagi, spana, plaizi, vyuma viwili vya kutolea tairi, viraka, sulesheni na msasa. Miiba ya migunga ndiyo pancha ya kawaida hapa. Kabla hujarudisha tyubu uliyoiziba, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, polepole. Mwiba uliovunjikia ndani ya mpira hauonekani kwa macho, ila kitambaa kitanasa. Ukiuacha, utaziba tundu lilelile tena mbele kidogo.

Juu ya mavazi nitasema machache kwa sababu hayana mjadala: kofia ngumu iliyofungwa kamba, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, suruali nzito, glovu, na lita mbili za maji. Kandambili hapana, hata kwa safari ya hapo karibu. Kifundo cha mguu ndicho kinachofika chini kwanza pikipiki ikilala.

Mwili kabla ya njia

Usiende Wembere siku ya kwanza. Kati ya Juni na Oktoba mashamba ya mtama na alizeti yamevunwa na ardhi ni kavu. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, au kwa mwalimu mkuu upewe uwanja wa mpira siku ambayo wanafunzi hawapo. Hapo ndipo darasa lako.

Somo la kwanza ni kusimama. Simama juu ya vikanyagio, uzito wote kwenye nyayo, magoti yamekunjwa kidogo na kuibana tangi kwa wepesi, kiuno kimerudi nyuma kidogo, viwiko vimetoka nje, kidevu kiko juu ya usukani. Jipime: je, unaweza kuachia usukani kwa nukta moja bila kuangukia mbele? Kama huwezi, unajishikilia kwa mikono, na kila shimo litapita mabegani mwako kwenda kwenye gurudumu la mbele. Watu hudhani kusimama kunapandisha uzito juu na kuifanya pikipiki iyumbe. Kinachotokea ni kwamba uzito wako sasa unaingia kwenye pikipiki kupitia vikanyagio, chini kabisa, na pikipiki inacheza chini yako huku kichwa chako kikibaki kimetulia. Pita hivyo juu ya matuta ya shamba, kwanza ukiyakata moja kwa moja, halafu kwa mshazari, mpaka magoti yazoee kumeza mtikisiko bila kuambiwa.

La pili ni klachi. Weka gia namba moja, uende polepole kuliko mtu anayetembea, klachi ikiwa nusu, injini ikinguruma kidogo, mguu wa kulia ukigusa breki ya nyuma. Klachi hiyo ya nusu ndiyo usukani wako wa mwendo mdogo. Ukiona unataka kuanguka, iachie kidogo, nguvu ifike kwenye gurudumu, na pikipiki itasimama wima yenyewe. Zunguka namba nane kati ya mawe mawili. Punguza ukubwa wa namba nane kila siku.

La tatu, breki. Endesha kwa gia ya pili kwenye udongo mlegevu, kanyaga breki ya nyuma mpaka gurudumu lifunge na kuteleza. Fanya makusudi, mara nyingi, mpaka mtelezo huo usikushtue. Halafu breki ya mbele, kidole kimoja au viwili, ukiibana taratibu, ukisikiliza mahali ambapo tairi linaanza kulalamika. Watu wengi wa bodaboda wamefundishana kutoigusa kabisa breki ya mbele kwenye vumbi. Si ushauri mzuri. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa hata kwenye vumbi, ila haitaki kukamatwa kwa ghafla, na haitaki kushikwa usukani ukiwa umegeuzwa.

La nne halihitaji uwanja: macho. Pikipiki hufuata unapotazama. Ukilitazama jiwe, utalipiga. Tazama mbele, kule unakotaka kufika, na jiwe la karibu uliache lipite chini, kwa sababu ulikwisha kuliona na kuamua mapema.

Juu ya kichanga

Njia nyingi za uwanda wa Iramba zina kichanga kilicholegea katikati ya alama za magurudumu ya gari, na vijito vikavu vya mchanga mtupu ambavyo lazima uvikate. Hapa ndipo mgeni huogopa zaidi, na hofu ndiyo inayomwangusha, maana hofu hufunga mafuta. Ukifunga mafuta ghafla mchangani, uzito wote unarukia gurudumu la mbele, gurudumu linazama na kugeuka upande, na wewe unaendelea mbele peke yako.

Fanya hivi. Kabla ya kuingia, punguza mwendo kwenye ardhi ngumu na uchague gia, ya pili au ya tatu. Simama, sogeza kiuno nyuma, mikono iwe milegevu. Ukiingia, ongeza mafuta kidogo na usiyaachie. Gurudumu la mbele litayumba kushoto na kulia. Liache. Kuyumba huko ni kazi yake ya kutafuta njia, na ukijaribu kulinyoosha kwa nguvu utaongeza kuyumba. Ukitaka kwenda kushoto, kandamiza kikanyagio cha kushoto kwa mguu na utazame kushoto. Kama mwendo unazidi kukuogofya, punguza mafuta kidogo kidogo mpaka pikipiki itulie yenyewe, breki ya mbele usiiguse.

Asubuhi na mapema mchanga bado una unyevu wa usiku na hushikana. Saa nane mchana njia hiyohiyo ni unga. Panga safari ukijua hilo.

Ukizama, usiendelee kuvuta mafuta. Gurudumu linajichimbia kaburi na klachi inaungua. Shuka, zima, ondoa mchanga mbele ya gurudumu la nyuma kwa mikono, kisha washa, weka gia moja na utembee kando yake ukiisukuma huku klachi ikishika taratibu. Ikiwa imezama hadi kwenye ekseli, ilaze upande, tundu lijae mchanga, uisimamishe tena pembeni ya tundu. Injini hizi hupozwa na hewa tu. Baada ya mchanga mrefu, isimamishe uso wake ukielekea upepo, unywe maji, nayo ipoe.

Mteremko wa Sekenke

Magharibi ya Misigiri ardhi inakatika ghafla kushuka kwenye bonde la Wembere. Mlima Sekenke unajulikana na kila dereva wa malori nchini kwa ajali zake, na barabara ya lami inayoushuka si mahali pa kujifunzia pikipiki. Ukilazimika kupita, weka gia ndogo tangu juu, kaa upande wako, na usitembee katikati ya malori mawili. Tabia ya kuzima injini au kuweka gia huru ili kuokoa mafuta kwenye mteremko inaua. Breki za pikipiki hizi, nyingi zikiwa zimefungiwa ndani ya kitovu cha gurudumu, hupata moto kwenye mteremko mrefu na kulegea, na injini uliyoizima ndiyo ingekusaidia kuzuia mwendo.

Njia za kando, zile za wafugaji na wachimbaji, zina mawe yaliyolegea na makorongo ya mvua. Kushuka: gia ya kwanza, klachi imeachiwa kabisa, kiuno kimerudi nyuma ya kiti, breki zote mbili kwa wepesi. Ukibana klachi, pikipiki inakuwa huru na kasi inapanda mara moja. Kwenye ngazi ya jiwe, hakikisha gurudumu linalikuta jiwe moja kwa moja, si kwa mshazari, maana jiwe lililopigwa kwa upande huligeuza tairi.

Kupanda kunahitaji uamuzi kabla ya kuanza. Simama chini, utembee kwa miguu kama ni lazima, uchague njia yako yote mpaka juu. Halafu weka gia moja, au ya pili kama mlima si mkali, uzito mbele, na usibadili gia katikati. Injini ikizima katikati ya mlima, breki ya mbele peke yake haitakushikilia, kwa sababu uzito wote uko nyuma. Acha gia ndani, klachi imeachiwa: injini iliyozimika ni breki nzuri kabisa. Shuka upande wa juu wa mlima, daima upande wa juu, ili pikipiki ikianguka isikulalie. Kisha geuza usukani, bana klachi kidogo na kuiachia, uirudishe nyuma hatua kwa hatua kwa upinde, mpaka ikae kwa kukingama na mteremko. Kutoka hapo unaweza kuigeuza na kushuka. Jifunze jambo hili kwenye kilima kidogo kabla hujalihitaji kwenye kikubwa.

Na kuna onyo la hapa hapa. Dhahabu imechimbwa Sekenke tangu enzi za Wajerumani, mgodi ukiwa umeanza kazi mwaka 1909, na wachimbaji wadogo wameendelea kuzunguka vilima hivyo mpaka leo. Ardhi iliyochimbwa kwa zaidi ya karne moja ina mashimo ambayo nyasi zimeyafunika. Kwenye mchanga nitakuruhusu kutoka njiani kutafuta ardhi ngumu. Hapa, hapana. Njia ikiziba, geuka, au shuka utembee mbele ya pikipiki.

Udongo mweusi

Wembere wakati wa kiangazi ni tambarare inayomdanganya mtu. Udongo mweusi ukikauka hupasuka nyufa ndefu, nyingine pana kiasi cha kumeza tairi la mbele. Zikate kwa pembe, usiende sambamba nazo. Mikokoteni ya ng'ombe na matrekta huacha mifereji migumu. Ukiwa ndani ya mfereji, tulia ndani yake, tazama mbali, ukae katikati, na usijaribu kutoka kwa mshazari ukiwa kwenye mwendo. Simama, inua gurudumu la mbele ulitoe, endelea.

Mvua ikianza, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, ushauri wangu kwa anayeanza ni mfupi: usiingie. Udongo huu hunywa maji na kuvimba, na tope lake hujipandisha kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu la mbele linagoma kuzunguka kabisa. Utakuwa unaburuta pikipiki iliyofungwa magurudumu, kilomita nyingi kutoka kwa msaada. Anayelazimika kupita hutoa madigadi ya mbele kabla hajaondoka na kubeba kijiti cha kukwangulia, akakwangua kila hatua chache. Mara nyingi ni busara kusubiri. Siku moja au mbili za jua kali hubadilisha mbuga kabisa, na wafugaji wanaoishi humo wanajua kwa kutazama tu kama leo inapitika. Waulize, na wakikukataza, uwasikilize, hata kama una haraka ya kazi.

Vijito vinavyoshuka kutoka uwandani kuelekea Wembere na Ziwa Kitangiri hujaa ghafla, hata pale ulipo pakiwa pakavu, kwa sababu mvua imenyesha juu. Usivuke maji ambayo hujayapima kwa miguu yako mwenyewe. Yakifika magotini na yana mkondo, subiri. Yakiwa chini ya hapo, vuka kwa gia ya kwanza, mafuta yasiyopungua, macho ng'ambo. Injini ikizima ndani ya maji, usipige kiki: maji yakiwa yameingia kwenye silinda unaweza kuiharibu. Isukume nje, toa plagi, piga kiki maji yatoke kupitia tundu la plagi, kausha, rudisha.

Vya njiani

Kundi la ng'ombe likiwa mbele, simama kando na uzime. Usipige honi, ng'ombe hawajui unataka waende wapi. Msalimu mchungaji, yeye atakufungulia njia. Mbuzi mmoja akivuka, hesabu kwamba wote watavuka. Usiku usiende njia ya mawe mpaka uizoee mchana. Taa ya Boxer inaonyesha mashimo ukiwa tayari ndani yake.

Miezi yako ya kwanza, usimbebe abiria nje ya lami, na usibebe tenga la kuku wala gunia la alizeti nyuma. Mzigo uliofungwa juu na nyuma ya ekseli hulinyang'anya uzito gurudumu la mbele, na kila nilichokufundisha kuhusu mchanga na mlima kitageuka. Siku utakayoanza kubeba, anza na kilo chache zilizofungwa chini, karibu na mwili wako.

Ukianguka, na utaanguka, iachie pikipiki. Usinyooshe mguu kuizuia. Mguu hauna nguvu za kuzuia zaidi ya kilo mia moja. Zima injini, funga koki ya petroli, jikague mwenyewe kwanza, kisha pikipiki. Kuiinua, geuza usukani mpaka mwisho, chuchumaa ukiipa mgongo, makalio dhidi ya kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma cha nyuma, na urudi nyuma kwa hatua ndogo ukitumia miguu. Mgongo ukiuinamisha, utaumia mgongo.

Jioni ukirudi Misigiri, rudisha upepo wa tairi, futa cheni, fungua chujio ulitazame. Pitia nati zote kwa spana, hasa za usukani, ekseli na injini, kwa sababu mtikisiko hulegeza hata zile ulizokaza asubuhi. Kama ringi zako ni za spoki, gonga kila spoki kwa spana. Inayotoa sauti nzito imelegea. Ikaze robo mzunguko tu, halafu zungusha gurudumu uone kama bado linakwenda sawa, kabla hujaigusa tena.